Kijitabu Kinachobaki Picha Zikishashushwa

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika mkononi, nacho ni katalogi ya maonyesho ya sanaa. Makumbusho au ukumbi wa sanaa unapotundika picha na kupanga sanamu ili watu waje kuzitazama, mara nyingi huchapisha pia kitabu. Humo huwekwa picha za kazi zilizoonyeshwa, jina la kila msanii, mwaka, vipimo, vifaa vilivyotumika, pamoja na insha za wataalamu wanaoeleza kwa nini kazi hizo zina uzito. Maonyesho hukaa miezi miwili au mitatu, kisha picha hushushwa, kuta hupakwa rangi upya na kazi nyingine huletwa. Kitabu hubaki. Hoja yangu leo ni kwamba kwa mtu anayeishi huku kwetu Muthara, kitabu hicho ndicho maonyesho yenyewe. Kwa sababu hiyo makumbusho yetu yana wajibu wa kukiandika kwa Kiswahili na kukifikisha huku, na wajibu huo uhesabiwe kuwa kazi yao ya kila siku, sawa na kufungua milango na kupangusa vioo vya makabati.

Tuanze na jiografia, maana ndiyo inayoamua mengi. Muthara iko Tigania Mashariki, katika kaunti ya Meru, zaidi ya kilomita 250 kutoka Nairobi, na kumbi za sanaa za kisasa za nchi hii karibu zote ziko Nairobi. Meru ina makumbusho yake, na tunayaheshimu. Yako mjini, katika jengo la mawe lililojengwa mwaka wa 1916 liwe ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1974. Ukiingia unaona vyombo vya jadi vya Ameru, nyumba za kienyeji na miti ya dawa. Lakini picha iliyochorwa mwaka jana na kijana wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam haipandi hadi huku, na ikipanda ni kwa nadra. Mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi 40 wakaione Nairobi lazima akodi basi, awalishe, alipie viingilio na kuomba kibali cha wazazi, na hapo bado hajatafuta pa kuwalaza. Kwa hiyo mtoto wa Muthara huiona picha kwa njia ya karatasi, au haioni kabisa. Anayepanga maonyesho Nairobi bila kupanga kitabu chake ameshaamua, ajue asijue, kwamba mtoto huyo hayumo katika hesabu ya watazamaji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa sana kuhusu biashara, lakini historia ya sanaa ya Afrika Mashariki inaithibitisha kwa namna ya kuumiza. Mwaka wa 1965 mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, ukumbi wa kwanza wa aina yake uliokuwa mikononi mwa Waafrika wenyewe. Kwa zaidi ya miaka 30 wasanii walikutana pale, wakachora, wakaonyesha na kuhifadhi. Mwaka wa 1997 moto ukateketeza sehemu kubwa ya jengo, na ndani yake picha, vitabu na kumbukumbu. Jiulize ni nini kinachobaki baada ya moto kama ule. Kinabaki kile kilichokwisha kupigwa picha, kikaandikwa jina, kikachapishwa na kusambazwa katika nyumba na maktaba nyingine. Kazi ambayo haikuwahi kuingia katika kitabu chochote iliteketea mara mbili, kwanza turubai lake, halafu habari kwamba iliwahi kuwapo.

Mfano wa pili unaonyesha upande wa heri wa methali hiyohiyo. Wamijikenda wa pwani huchonga vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Mwaka wa 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka wa 1999 mtafiti huyo alikitambua kimoja katika mkusanyo wa makumbusho ya Marekani, na cha pili kikapatikana katika makumbusho mengine ya nchi hiyohiyo. Mwaka wa 2007 vyote viwili vilikabidhiwa kwa familia ile, ingawa mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Hakukuwa na jeshi wala mahakama kubwa nyuma ya kurudi huko. Kilichokuwapo ni picha moja yenye jina, mahali na mwaka, mambo yaleyale matatu ambayo kila ukurasa wa katalogi huyabeba. Ndiyo maana nasema katalogi ni hati ya umiliki kabla ya kuwa pambo la mezani.

Sasa, hati hiyo huandikwa na nani, na kwa ajili ya nani? Mwaka wa 1925 afisa wa kikoloni aliyeitwa Orde-Browne, aliyekuwa amefanya kazi nyanda hizi zetu, alichapisha kitabu kuhusu watu wa miteremko ya kusini ya Mlima Kenya, wakiwemo Waembu, Wachuka na Wambeere. Katika jina la kitabu chake aliwaita watu hao makabila yanayotoweka. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwakuta Ameru wakiwa karibu milioni 2 na Waembu zaidi ya laki 4. Watu hawakutoweka, na kitabu nacho hakikutoweka. Kipo kwenye rafu za maktaba kubwa za dunia, na mwanafunzi wa ng'ambo anayetafuta habari za Embu hukutana nacho mapema kuliko anavyokutana na Mwembu. Hiyo ndiyo nguvu ya maandishi. Maneno ya mtu aliyepita yanaendelea kututambulisha mbele ya watu ambao hatutawahi kuonana nao, na hatuwezi kuyafuta. Tunachoweza ni kuweka yetu kando yake.

Unaweza kusema huo ulikuwa ukoloni na umeisha. Basi tazama miaka ya karibu. Kwa muda mrefu mojawapo ya vitabu muhimu kabisa kuhusu wachoraji wa Kenya, Uganda na Tanzania wa miaka ya 1974 hadi 1989 kilikuwa katalogi iliyochapishwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1990, kazi ya Johanna Agthe wa makumbusho ya mji huo. Mwaka wa 2001 makumbusho hayohayo yalichapisha katalogi ya Jak Katarikawe, mchoraji kutoka Uganda aliyeishi na kufanya kazi Nairobi. Simlaumu Bi Agthe hata kidogo. Alisafiri, akanunua, akawauliza wasanii, akaandika, na pasipo yeye tungekuwa maskini zaidi. Lakini aliwaandikia watu wake, kama ilivyompasa. Mwaka wa 2020 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi, alipofanya maonyesho Munich, aliwaleta pamoja naye wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia chini ya jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho, na mwaka uliofuata maonyesho yakaenda London. Jina zuri, la kwetu kabisa. Lakini lugha ya nyumbani isiishie kwenye jina. Anayevutwa na jina hilo anastahili kufungua ukurasa wa pili na kuendelea kusoma kwa lugha ileile.

Tunapochelewa kuandika ni nani wasanii wetu, wengine hutuandikia, na si kila mara kwa nia njema. Katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, mwaka wa 2013, banda lililobeba jina la Kenya lilijaa wasanii ambao wengi wao walikuwa Wachina, na mwaka wa 2015 yakawa yanakaribia kutokea yaleyale, hadi wasanii wa Nairobi walipopaza sauti na serikali ikajitenga na banda hilo. Na upande wa vitu vya kale, mradi uliozikutanisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kundi la wasanii la Nest la Nairobi na makumbusho mawili ya Ujerumani ulikaa chini ukaorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Walivipata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 za nchi za kigeni. Mwaka wa 2021 walifanya maonyesho Nairobi yaliyokuwa na makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani, ili mtazamaji aone kwa macho yake kile ambacho hakipo. Tafakari jambo hilo. Maonyesho yale yalizaliwa kutokana na orodha. Katalogi ilitangulia, kabati tupu likafuata.

Yapo mapingamizi, na mengine yana nguvu. La kwanza husema sanaa huonekana, haisomwi. Macho hayana pazia. Mwache mtu atazame, ahisi, aende zake, usimjazie maneno. Nakubali kwamba picha ya kwenye karatasi si picha yenyewe. Rangi hupoteza joto, na turubai la mita mbili huwa dogo kama kiganja. Lakini pingamizi hili ni la mtu aliye karibu na ukuta. Mwaka wa 1959 Elimo Njau alichora michoro mitano katika kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa hali ya hatari, enzi za ukoloni. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba, vyote vimewekwa katika nchi ya vilima vya Murang'a, na watu waliomo ni Waafrika. Ukuta ule hausafiri. Haukuwahi kufungwa katika sanduku na kupelekwa Embu, sembuse Muthara. Muumini wa Tigania anayetaka kutafakari maana ya kumwona Masiya akizaliwa katika nchi anayoihisi kuwa ya kwao, atafikiwa na mchoro kwa njia ya kitabu. Na maneno mazuri hayaibi macho ya mtu. Humwonyesha pa kuyatuliza.

Pingamizi la pili ndilo ninalolisikia zaidi, nalo husema Kiswahili hakina maneno ya kuzungumzia sanaa ya kisasa. Hili halina msingi. Wakusanyaji wa vinyago vya Wamakonde duniani kote huvigawa kwa majina ya Kiswahili: ujamaa ni nguzo ya watu waliopandana, shetani ni umbo la viumbe wa ajabu, mawingu ni umbo laini lenye uwazi ndani. Wazungu waliazima maneno hayo kwa sababu hawakuwa na yao. Chukua pia kitambaa ambacho Armitage huchorea badala ya turubai la kawaida. Kinaitwa lubugo, hutoka Uganda, na hutokana na gome la mti wa mutuba. Gome huambuliwa, hulainishwa kwa joto, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo hadi lipanuke na kuwa jepesi kama nguo. Hubaki na matundu na mishono, na mchoraji huyaacha yaonekane, hivi kwamba jeraha la gome huwa sehemu ya uso wa mtu aliyechorwa. Haya nimeyasema kwa Kiswahili, na wewe msikilizaji umeyaona.

Kama bado una shaka, sikiliza maneno ya soko la miraa. Mtu wa Tigania au Igembe hatakuambia tu kwamba hii ni miraa. Atakuambia ni giza, ni kangeta, au ni alele, kwa kupima urefu wa kijiti, rangi yake na ulaini wake. Atakuambia kama imechumwa kwenye mti mchanga au kwenye mbaine, miti mikongwe iliyopandwa na mababu wa mababu. Vishada kumi hufungwa pamoja kuwa bunda, huviringishwa katika majani ya mgomba ili unyevu usipotee njiani, na mnunuzi wa Nairobi hutambua kwa kutazama ni kazi ya mkono wa nani. Umri, mahali kilipotoka, kipimo, hali ya kitu, mkono uliokitengeneza: hayo ndiyo mambo ambayo mtaalamu wa makumbusho huyaandika chini ya picha. Watu wenye jicho kali namna hiyo kwa kijiti cha miraa hawana upungufu wa lugha wala wa akili ya kusoma katalogi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaletea.

Wengine watauliza, mbona Kiswahili, na sisi tuna Kimeru na Kiembu? Swali la haki, na Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inalitambua. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kisha kinaitaka serikali ikuze lugha za jamii. Jibu langu ni kwamba Kiswahili kiwe barabara kuu na lugha ya mama iwe mlango wa nyumba. Jina la kitu libaki kama alivyolitaja aliyekitengeneza. Hata tarehe inaweza kuandikwa kwa njia mbili: mwaka wa kalenda, na pia rika la waliokuwa vijana wakati huo, wawe ni Lubetaa, Miriti au Guantai, kwa maana mzee wa Nchiru hukumbuka kwa marika kabla ya kukumbuka kwa tarakimu. Katalogi ya namna hiyo itaeleweka na Mborana na Msomali wanaofanya biashara katika masoko yetu, itaeleweka Mombasa na Dodoma, na bado mzee atakuta humo neno lake.

Pingamizi la tatu ni gharama. Husemwa kwamba vitabu vya sanaa ni ghali, karatasi yake inang'aa, rangi zake zinahitaji mitambo mizuri, na mwishowe hakuna anayenunua. Ni kweli kwa kitabu kikubwa cha kupamba meza ya sebuleni, na sikiombi hicho. Naomba kijitabu cha kurasa chache, chenye picha zilizochaguliwa kwa makini, maelezo mafupi yaliyoandikwa vizuri, karatasi ya kawaida, bei ya daftari la shule. Maonyesho ambayo yamepata fedha za kusafirisha picha, kuzikatia bima, kuwasha taa na kuwaandalia wageni vinywaji siku ya ufunguzi hayawezi kushindwa na kijitabu hicho, mradi kiwekwe katika hesabu tangu siku ya kwanza. Kuhusu kukisambaza, Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la maktaba na makumbusho. Maktaba za umma za Meru na Embu zipo. Nakala chache kwa kila maktaba na kwa shule zinazofundisha sanaa si mzigo wa kuivunja kaunti.

Kuna pia anayesema tuweke kila kitu kwenye intaneti, maana simu iko mfukoni mwa kila mtu. Tuweke, bila kusita. Lakini tusidhani tumemaliza. Simu huhitaji bando, na picha ya sanaa katika kioo kidogo kilichopasuka pembeni hufinyika kuliko ile ya karatasi. Zaidi ya hayo, faili huishi kadiri anayelipia tovuti anavyoendelea kulipa, ilhali kitabu kilicho katika rafu ya shule hakimdai mtu ada kila mwaka. Darasa zima laweza kukizunguka, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakitazama.

Na wapo watakaoniambia kwa uchungu kwamba watu wanataka maji, barabara na bei nzuri ya mazao, na mimi nazungumzia vitabu vya picha. Uchungu huo ni wa haki na siudharau. Lakini shule za Tigania zinafundisha sanaa katika mtaala mpya, na mwalimu anatakiwa amwonyeshe mtoto kazi za wasanii. Akikosa kijitabu cha Kenya ataonyesha nini? Ataonyesha alichokikuta, na alichokikuta kitakuwa cha kwingine. Kisha kuna suala la riziki. Thamani ya picha sokoni hutegemea sana rekodi yake: imechorwa na nani, ilionyeshwa wapi, imechapishwa wapi. Kijana mwenye kipawa kutoka Muthara ambaye kazi zake hazimo katika kitabu chochote huuza kama mchuuzi asiye na risiti, na faida humwendea yule atakayezinunua kwa bei ya chini na kuziandikia historia baadaye.

Kwa hiyo tunachoweza kudai ni kidogo na chawezekana. Kila maonyesho yanayopewa fedha za umma au kufanyika katika jengo la umma yawe na kijitabu cha Kiswahili, na kijitabu hicho kifike katika maktaba za kaunti kabla picha hazijashushwa. Sisi wa redio tuna sehemu yetu pia. Ukurasa wa katalogi ulioandikwa vizuri husomeka hewani, na mama aliye shambani anaweza kuiona picha kwa masikio hadi siku kitabu kitakapomfikia. Nawe msikilizaji, ukisikia maonyesho yamefunguliwa popote, uliza maswali mawili: kitabu chake kiko wapi, na kimeandikwa kwa lugha gani?

Nimetaja kwamba makumbusho ya Meru yamo katika iliyokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Jijini Nairobi ni vivyo hivyo: ukumbi wa Nairobi Gallery umo katika jengo la mwaka wa 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, walikoandikishwa waliozaliwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Majengo yote mawili yalijengwa ili afisa aketi nyuma ya meza na kutuandika alivyotuona. Leo ndani yake wanafanya kazi watoto wetu, waliosoma na wanaotujua. Meza bado ipo, na kitabu cha maonyesho yajayo hakijaandikwa bado. Waandike kwa lugha ambayo Muthara itaisoma.